Nani Alilala Hapa? Mwongozo wa Kutafuta Historia ya Nyumba na Wakazi Wake, Dzaleka na Lilongwe

Mwongozo huu ni wa watu wenye kazi zao: walimu, wakalimani, wasaidizi wa sheria, watangazaji wa redio ya jamii, mafundi, hata madalali wasiopenda ugomvi. Hao ndio wanaofuatwa, kambini na mjini, wakiulizwa nyumba fulani ilikuwa ya nani. Anayeuliza huenda ni kijana aliyeondoka Dzaleka akiwa mtoto, sasa yuko ng'ambo na ametuma picha moja ya mlango. Huenda ni mjane anayetaka kujua kama marehemu alinunua kweli au alikaribishwa tu. Kila mmoja anahitaji jibu lenye ushahidi, na muulizwaji ana Jumamosi moja tu ya kulitafuta.

Neno la kwanza ni hili: usianze kwa kuuliza nyumba ni ya nani. Uliza nani alilala humo, tangu lini, alitokea wapi, na alipoondoka alimwachia nani. Swali la umiliki linafunga midomo. Kambini ardhi si ya mkimbizi, na kila mtu analijua hilo. Ukiuliza mwenye nyumba utapewa jibu la kujikinga. Mjini nako, jina lililo kwenye hati linaweza kuwa la mtu asiyewahi kulala humo hata usiku mmoja. Lakini nani alilala hapa, hilo hata bibi asiyejua kusoma atakujibu, na mtoto wa jirani ataongezea.

Waliolala Dzaleka kabla ya kambi

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, watu wa Rwanda, Burundi na Kongo walipoanza kuingia Malawi kwa wingi. Ilipangwa kwa watu elfu kumi na kitu. Leo ina zaidi ya 50,000. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa kufungia wapinzani wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, aliyetawala tangu uhuru wa 1964 hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi wa Mei 1994. Jina lenyewe linatokana na Kichewa, ndidzaleka, yaani nitaacha, sitarudia tena. Ni neno la mtu anayeadhibiwa, na Mchewa yeyote wa umri mkubwa atakuambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa hiyo historia ya mahali hapa ina matabaka matatu ya waliolala: wanakijiji wa Dowa waliolima hapo, wafungwa, na wakimbizi. Mtafiti wa kambini huwa anaanza 1994 kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori. Asifanye hivyo. Lakini pia asiende mbio upande wa pili. Kambini kila ukuta mnene unaitwa seli. Wapo watakaokuonyesha chumba na kukuambia kwa uhakika kwamba hapa ndipo walipoteswa watu, nao walifika mwaka 2005. Andika kwamba wamesema, andika walisikia kwa nani, na usiandike kwamba ndivyo ilivyokuwa mpaka umepata mtu aliyekuwako au karatasi.

Watu waliokuwako wapo. Katiba ya Malawi ya miaka ya tisini iliunda Baraza la Taifa la Fidia, kusikiliza madai ya waliofungwa, waliopigwa na waliopoteza mali chini ya utawala wa Banda. Walioleta madai walikuwa na wake, watoto na wajukuu, na wengi wao bado wako Dowa, Ntchisi, Kasungu na mjini Lilongwe. Mashahidi wa Yehova, waliopigwa marufuku mwaka 1967, nao walifungwa Dzaleka kwa wingi miaka ya sabini, na jumuiya yao ina kawaida ya kuandika mambo yake. Ukimpata mzee aliyelala Dzaleka akiwa mfungwa, usimpeleke kambini kumtembeza kabla hujamuuliza kama anataka kurudi pale. Mwingine atasema hapana, na kazi itafanyikia kwake, kwa penseli na karatasi: mchore naye ramani.

Kubisha hodi

Kambini, anza kwa kiongozi wa eneo, kisha wa bloku, ndipo uende mlangoni. Kijijini nje ya kambi, anza kwa chifu, yaani amfumu, na ukifika uketi kwanza. Wachewa wanasema "Odi!", neno letu lile lile lililopungukiwa herufi, na jibu ni "Odini". Mzee wa kiume muite bambo, mama muite mayi, mkongwe wa jinsia yoyote muite agogo. Kwa Wakongomani sema Papa au Mama ukiongeza jina la mtoto wake wa kwanza. Kumwita mama wa Fizi, Kivu ya Kusini, kwa jina lake kavu, kama karani anavyofanya dirishani, ni kuharibu mazungumzo kabla hayajaanza.

Sentensi yako ya kwanza baada ya salamu iwe ya kukanusha. Sema: sitoki kwenye shirika, sina orodha ya safari, sina rasheni, jina lako halitabadilisha kesi yako wala kuisogeza. Sema hivyo kwa sauti, mbele ya jirani. Dzaleka mtu mwenye daftari ni mtu wa kuhesabu, na anayehesabiwa hujibu kwa hesabu: idadi ya watoto itaongezeka, tarehe ya kufika itarudi nyuma au itasogea mbele. Watu hawa si waongo. Wamejifunza kwa miaka mingi kwamba tarehe isiyolingana na faili inaweza kumtesa mtu. Kwa sababu hiyo hiyo usilinganishe alichokuambia na kadi yake ya rasheni, na usiombe kuipiga picha. Historia ya nyumba haihitaji namba ya mtu.

Ukuta

Baada ya salamu, zunguka nyumba kabla ya kuuliza zaidi. Nyumba nyingi za Dzaleka zimejengwa kwa matofali mabichi ya kuanikwa, ambayo Wachewa huita zidina, na paa la nyasi, turubai au mabati, ambayo Mkongomani huita manjanja. Tofali bichi halidanganyi sana.

Tazama kona. Mahali chumba kipya kilipoungwa na cha zamani, matofali hayapishani. Kuna mstari wima kutoka chini hadi juu, na mara nyingi mchwa wameufuata. Hapo nyumba iliongezwa. Kisha chukua futi na upime urefu wa matofali matano ya upande huu na matano ya upande ule. Kila fomu ya mbao ina kipimo chake, na fomu ya familia moja huazimwa bloku nzima. Ukikuta kipimo kile kile nyumba ya tatu kutoka hapo, umepata swali zuri: fomu ilikuwa ya nani? Jibu lake mara nyingi ni jina la fundi, na fundi anakumbuka alimfyatulia nani matofali na alilipwa nini.

Tazama chini. Mvua za Novemba hadi Aprili hula mistari ya kwanza ya ukuta, na kila kiangazi mwenye nyumba hukandika upya. Panapobanduka utaona tope la rangi mbili au tatu, moja lina majivu, jingine lina kinyesi cha ng'ombe au mchanga wa mtoni. Usihesabu tabaka kama mtu anavyohesabu miaka ya mti, maana kuna mwaka mama alikuwa mgonjwa hakukandika, na kuna harusi iliyokandikiwa mara mbili. Lakini muulize mama mwenye nyumba: tope hili jekundu lilitoka wapi? Atakumbuka shimo, na kutoka kwenye shimo atakumbuka mwaka.

Panda macho juu. Ikiwa bati lina matundu ya misumari yasiyokutana na mbao zilizopo, bati hilo limetoka kwenye paa jingine. Watu wanapoondoka, paa huuzwa peke yake. Nimewahi kuona nyumba moja yenye mabati ya nyumba tatu, na familia tatu zilizoyaacha ziko mabara matatu.

Kisha uliza, bila aibu, vyoo vya zamani vilikuwa wapi. Shimo likijaa huchimbwa jingine, na la zamani hufukiwa, mara nyingi likapandwa mgomba au mpapai juu yake. Mahali pa shimo hapasahauliki, kwa kuwa kila mzazi aliwakataza watoto kupakaribia. Mashimo matatu yakiwa yamejaa, na kila moja mtu akikuambia lilichimbwa baada ya mtoto gani kuzaliwa, una kalenda nzuri kuliko vipande vya karatasi vilivyoko ndani. Miti nayo ni hivyo hivyo. Aliyejenga nyumba anaweza kusahaulika, lakini aliyepanda mwembe hutajwa kila msimu wa maembe.

Kalenda

Usimwombe mtu mwaka. Muombe tukio, kisha mwaka utafute wewe. Kwa watu wa Kivu ya Kusini yapo matukio yanayogawa maisha: vita vya 1996 vilivyomtoa Mobutu mwaka uliofuata, vita vya pili vilivyoanza Agosti 1998, mauaji ya Makobola mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo, mauaji ya Gatumba ya Agosti 2004. Kwa Wamalawi: kura ya maoni ya Juni 1993, kifo cha Kamuzu Novemba 1997, njaa ya 2001 na 2002, kifo cha Rais Bingu wa Mutharika Aprili 2012. Kambini kuna ya kwao: watu wa kambi ya Luwani kuhamishiwa Dzaleka mwaka 2007, tamasha la Tumaini lililoanza mwaka 2014, korona ya 2020.

Lakini chunga. Tukio linaposemwa kama "baada ya vita", uliza vita vipi, na uliza mtu alikuwa wapi usiku ule. Mtu anaweza kutoka Uvira mwaka 1998, akakaa Kigoma, akapita Zambia au Karonga, akaingia Dzaleka miaka sita baadaye, na katika kumbukumbu yake safari yote ikawa "nilipokimbia".

Tarehe zilizo imara kuliko zote ni za kuondoka. Anayehamishiwa nchi ya tatu anaijua siku yake ya ndege kama siku ya kuzaliwa. Ina vipimo vya hospitali, begi, picha ya mwisho mbele ya mlango. Kwa hiyo fanya kazi kinyumenyume. Anza na aliye ndani sasa, pata siku aliyeingia, mtafute aliyemwachia kwa simu huko aliko, naye akutajie aliyemwachia yeye. Hatua tatu au nne za namna hiyo na umefika miaka ya tisini.

Katikati ya hatua hizo kuna karatasi za mauziano: ukurasa wa daftari la shule, bei kwa kwacha, majina ya mashahidi, alama za dole gumba. Kisheria karatasi hizo zina mashaka makubwa na si kazi yako kuzihukumu. Kwa mtafiti, bei haina faida sana. Mashahidi ndio hazina, maana waliitwa kwa sababu walikuwa majirani.

Majina ya mahali, majina ya watu

Hapa niseme kosa langu. Miaka ya nyuma niliandika katika ripoti moja kwamba familia fulani iliacha nyumba yake ikahamia Zomba. Mwenzangu aliyekuwa akisafiri kusini akapewa majina, akazunguka Zomba mjini siku mbili akiuliza Wakongomani. Familia ilikuwa hatua mia tatu kutoka nilipoketi nikiandika. Maeneo ya kambi yana majina ya miji na mitaa ya Malawi: kuna Zomba, kuna Blantyre, kuna Karonga, kuna Likuni, kuna Kawale mbili. Lilongwe mjini nako kuna Kawale, na Likuni iko nje kidogo ya jiji. Mtu akikuambia alilala Kawale, muulize: ya kambi au ya mji? Na uandike jibu pale pale. Tangu siku ile ninaandika "Zomba-K" na "Zomba-M", na mwenzangu bado ananicheka.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi. Katika Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina hata moja, kwa hiyo usitafute familia kwa jina la ukoo. Mkongomani aliyezaliwa enzi za Mobutu baada ya 1972 huenda hakuandikishwa kwa jina la ubatizo, kwa sababu serikali ya Zaire iliyapiga marufuku majina ya Kikristo, ingawa kanisani analo. Karani wa Malawi naye ana masikio yake. Kichewa hakitengi sana l na r, basi Furaha akawa Fulaha, na Byamungu akaandikwa Biamungu kwenye karatasi moja na Bayamungu kwenye nyingine. Panga kila jina kwa namna zote ulizolikuta, bila kuchagua iliyo "sahihi". Na jina la mtaani usilidharau. Watu kumi watamkumbuka "Mama Mandazi" ambaye jina lake la faili hakuna anayelijua.

Kwa Mchewa, fuata mama

Sehemu hii inawahusu hasa watafiti wenye asili ya Kivu, Rwanda na Burundi, ambao wamelelewa kuuliza baba wa mtu ni nani na babu yake ni nani. Kwa Wachewa wa Dowa na Lilongwe, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa desturi ya chikamwini mwanamume akioa huenda kukaa kijijini kwa mkewe. Nyumba anayoijenga iko kwenye ardhi ya ukoo wa mke, na akifa au wakiachana, yeye au nduguze hawabaki nayo. Ipo pia chitengwa, mke kuhamia kwa mume, lakini hiyo ilikuwa na masharti yake. Anayesimamia mambo ya ukoo ni mjomba, kaka wa akina mama, na kundi analolisimamia huitwa mbumba.

Matokeo yake kiutafiti ni makubwa. Ukiuliza mwana wa aliyejenga, utampata mtu aliyeondoka zamani kwenda kwa mkewe na hajui lolote. Muulize binti, au mpwa wa kike wa mwenye ukoo. Yeye ndiye aliyelala humo maisha yake yote. Makaburi ya ukoo, yaliyo chini ya miti isiyokatwa, yatakuonyesha ni kina nani walio wenyeji wa kweli, lakini huko huendi bila chifu.

Lilongwe

Lilongwe ilianza kama boma mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata hadhi ya mji mwaka 1947, na ikawa makao makuu badala ya Zomba mwaka 1975. Kwa hiyo ina nyumba za enzi mbili: mji wa zamani upande wa mto na soko, na mji wa wizara uliojengwa kwa mpango. Mitaa ina namba, Area hii na Area ile, na namba hizo hazifuatani ardhini, kwa hiyo usidhani Area mbili zenye namba zinazofuatana lazima ziwe jirani. Nyumba nyingi za zamani za makazi ya maafisa ziko Area 3. Area 2 ni ya maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na wengi wa wazee wao hawakuanzia hapo. Miaka ya sabini serikali ya Banda iliwataka waache maduka ya vijijini na vituo vidogo, wabaki katika miji ya Blantyre, Zomba na Lilongwe. Duka la zamani pale Dowa boma au Mponela lina nusu ya historia yake Area 2, na mzee aliyelala nyuma ya duka lile akiwa mtoto anaweza kukuchorea mpango wa vyumba.

Masijala ya ardhi ipo Lilongwe, na mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi wa kiwanja kwa kulipa ada. Nenda na namba ya kiwanja. Bila namba utarudishwa. Utapata mlolongo wa majina, tarehe za kuhamisha, rehani kama ilikuwepo. Usiishie hapo. Nyumba nyingi za jiji zilijengwa na Shirika la Nyumba la Malawi, lililoanzishwa 1964, zikapangishwa miaka mingi, na nyingine baadaye zikauzwa kwa waliokuwa wapangaji. Kwenye hati mtu huyo ataonekana kama aliingia siku ya kununua, kumbe alikwisha kulea watoto sita humo. Kwa mashamba ya magharibi mwa jiji, yaliyoandikishwa chini ya mpango wa maendeleo ya ardhi ulioanza 1968, jina utakalolikuta ni la ndunda, yaani mkuu wa familia aliyeandikwa kwa niaba ya wote. Kumchukulia kama mmiliki pekee ni kosa ambalo limezaa kesi.

Hati ikinyamaza, tafuta bili. Bili za zamani za maji na umeme, zilizosahauliwa kwenye droo au zilizotumika kufunika madaftari ya shule, zina jina la mtu aliyekuwa akilala pale na mwezi wake. Ada za jiji zina jina la anayelipa. Na kama nyumba iliondoka mikononi mwa mtu ghafla katika miaka ya Banda, pekua Gazeti la Serikali. Sheria ya 1966 iliiruhusu serikali kutwaa mali za watu iliowaona maadui, na matangazo ya namna hiyo yalichapishwa.

Kuna kundi jingine la waliolala Lilongwe ambalo hati haitakuonyesha kabisa. Wakimbizi waliishi na kufanya biashara katika mitaa ya jiji kwa miaka mingi, hadi Machi 2023 serikali ilipoagiza warudi kambini kabla ya Aprili 15, na kuanzia Mei polisi wakaanza kuwaondoa. Nyumba na maduka yao yalipangishwa upya haraka. Ukiandika historia ya nyumba ya mtaani kuanzia miaka ya 2000, uliza hilo kwa upole, na usiandike popote kwamba fulani bado anaonekana mjini. Hata ukimwona.

Zomba, yaani Zomba-M

Nyaraka za Taifa ziko Zomba, karibu kilomita 300 kutoka Lilongwe. Usiende mpaka umemaliza mdomo na ukuta, maana pale utapewa unachokitaja, na ukitaja "Dowa" tu utazama. Nenda na jina la kijiji, la chifu na miaka. Omba vitabu vya wilaya vya enzi ya Nyasaland, yaani Malawi ya ukoloni, ambamo maafisa waliandika machifu, mipaka na safari zao. Sensa usiitegemee kwa majina, inatoa hesabu. Vitabu vya ubatizo vya misheni ni bora zaidi, na katika Dowa ipo Mvera, misheni ya Kanisa la Dutch Reformed la Afrika Kusini iliyofunguliwa 1889, ambayo urithi wake uko chini ya Sinodi ya Nkhoma ya Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati (CCAP).

Mkimbizi anayefanya utafiti huu akumbuke kwamba safari nje ya kambi ina masharti, na awe na kibali mkononi. Njia nyepesi ni kugawana: mwenzako Mmalawi aende masijala na Zomba, wewe ufanye simu na milango ya kambi. Mtakutana kwenye daftari.

Daftari

Kila neno liwe na mwenyewe. Huu ni mfano wa kubuni wa namna ya kuandika:

"Nyumba ya mwembe, Kawale 1-K. Msemaji A, mama, mkazi wa sasa. Amesema aliingia 'mwaka aliokufa Bingu, mvua zikiisha'. Nimeweka: Aprili au Mei 2012. Amesema aliachiwa na B. Hajui B aliachiwa na nani. Msemaji C, fundi, kwa simu: alimjengea B chumba cha nyuma, kiangazi. Mwaka hakumbuki, mtoto wa B alikuwa anatambaa. Ukuta: mstari wima kona ya kaskazini unakubaliana na C. Mapengo: kabla ya B."

Angalia kwamba 2012 si neno la mama. Ni langu, na nimeonyesha nimelipataje. Angalia pia kwamba pengo limeandikwa. Atakayekuja baada yako ataanzia hapo, na pengo lililojazwa kwa kukisia litamdanganya miaka kumi.

Majina kamili yakae kwenye karatasi nyingine, na herufi tu ndizo zitembee. Sauti ulizorekodi zisikae kwenye simu unayowaachia watoto. Mtu akikuambia usiandike, funga kalamu na umwonyeshe kwamba umeifunga.

Ukimaliza, rudi kwenye nyumba na usome ulichoandika kwa sauti, kwa Kiswahili, na kama kuna jirani Mmalawi, kwa Kichewa pia. Utasahihishwa. Mtu atasema si mwembe ule, ule ni wa pili, wa kwanza ulikatwa. Andika sahihisho na jina la aliyesahihisha, bila kufuta la mwanzo. Andika tarehe ya kusoma, na waliokuwepo. Nakala moja ibaki ndani ya nyumba hiyo, ndani ya mfuko wa plastiki, juu kidogo kuliko mahali maji ya mvua hufika.